Nyimbo nane, mitindo mingi: je, Unhalfbricking ni albamu moja?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nilianza kwa kuupenda wimbo mmoja tu, "Who Knows Where the Time Goes?", nikaitafuta albamu ulikotoka, Unhalfbricking ya Fairport Convention. Nimeisikiliza mara tatu na bado inanipiga chenga. Kuna wimbo wa Kifaransa, kuna mmoja wa dakika kumi na moja, na wa mwisho ni kama watu wako karamuni. Hii ni albamu kweli, au ni nyimbo zilizookotwa huku na huku? Nauliza kwa sababu mimi na wenzangu wanne tuna bendi, na mwenye studio ametuambia tusirudi kwake mpaka tuchague mtindo mmoja.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni albamu, tena imeshikana kuliko inavyosikika ukiisikiliza mara tatu. Mimi nilikutana nayo nikiwa kijana, nikakwama palepale ulipokwama wewe, kwenye ule wimbo wa Kifaransa. Nilichelewa kutambua kosa langu: nilikuwa nahesabu mitindo, na watu wenyewe wanaopiga nilikuwa siwasikii.

Basi tuanze na watu. Mwaka 1967 vijana wa kaskazini mwa London walikuwa wakifanyia mazoezi katika nyumba moja kubwa huko Muswell Hill, nyumba ya utotoni ya mpiga gita Simon Nicol. Nyumba hiyo iliitwa Fairport, na jina la bendi likatoka hapo. Kufikia mwanzoni mwa 1969, walioibeba albamu hii walikuwa watano: Sandy Denny mwimbaji, Richard Thompson na Simon Nicol kwenye magita, Ashley Hutchings kwenye besi, na Martin Lamble kwenye dramu. Hutchings, mkubwa wao, alikuwa na miaka 24. Nicol alikuwa na 18, Lamble 19. Walikuwa rika lenu nyinyi. Mwimbaji wa sita, Iain Matthews, aliachana nao wakati albamu ikirekodiwa, na utamsikia kwenye wimbo mmoja tu, "Percy's Song", akiitikia kwa nyuma. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye nyimbo za Kimarekani, na wenzake walikuwa wanaanza kuelekea kwingine.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Kile kinachoitwa foki-roki, yaani nyimbo za jadi au zilizotungwa kwa mwendo wa jadi, zikapigwa kwa magita ya umeme na dramu, kilipata jina huko Marekani mwaka 1965, bendi ya The Byrds ilipochukua wimbo wa mtunzi na mwimbaji Bob Dylan na kuufanya uvume redioni. Fairport walianza kama wanafunzi watiifu wa Wamarekani hao. Kisha mwaka 1968 ikatoka albamu ya kwanza ya bendi iitwayo The Band, Music from Big Pink, na ikawashtua. Walisikia watu wanaopiga muziki wa udongo wao kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake. Vijana wa London wakajiuliza: na sisi udongo wetu uko wapi?

Unhalfbricking ilirekodiwa katika miezi ya mwanzo ya 1969, swali hilo likiwa bado bichi. Ndiyo maana inakwenda huku na huku. Ukikaa ufukweni ukatazama jahazi linalobisha, utaliona linaelekea kushoto, mara kulia, mara kushoto tena, na asiyejua atadhani nahodha kapotea. Upepo unatoka mbele, na hiyo ndiyo njia pekee ya kusonga. Mwaka huohuo mmoja bendi hii ilitoa albamu tatu: moja Januari, hii Julai, nyingine Desemba. Ya Januari bado ina Marekani nyingi ndani yake. Ya Desemba imezama katika nyimbo za kale za Uingereza. Hii ya katikati ndiyo iliyonasa safari yenyewe.

Sasa kamata jambo moja ambalo sijui kama lilikupitia. Soma majina ya nyimbo na sikiliza visa vyake, uone ni mangapi kati yake yanahusu kuondoka. "Genesis Hall", wimbo wa kwanza, ni wa Thompson, na unatokana na watu wasio na makazi waliovamia hoteli tupu eneo la Drury Lane, London, wakaja kufukuzwa na polisi. Baba yake Thompson mwenyewe alikuwa polisi wa jiji hilo. Kwa hiyo anayesimulia anaanza kwa kukiri baba yake yuko upande gani, na hasira yake haijui pa kwenda. Wa pili unasema, kama ni lazima uondoke, basi ondoka. Wa tatu unamwambia mtu aache kulia, kwa sauti ya mwanamke aliyekwisha kuchoka na machozi ya mwenzake. Wa nne ni baharia aliyekwenda asirudi. Wako unaoupenda unawatazama ndege wakihama na kuuliza wanajuaje kuwa wakati umefika. "Percy's Song" ni rafiki aliyetiwa jela. Sidai kwamba waliketi mezani wakapanga iwe hivyo. Lakini albamu hushikana kwa yale yanayowasumbua watu wakati wanaitengeneza, na hawa walikuwa wanaondoka mahali.

Tuje kwenye huo wimbo wa Kifaransa. "Si Tu Dois Partir" ni wimbo wa Dylan, na tafsiri yake ilifanywa kwa msaada wa mashabiki wanaojua Kifaransa walioitikia mwito kwenye moja ya maonyesho yao. Waliupiga kwa mwendo wa Wakajuni, wale watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, ambao muziki wao husimama juu ya fidla na kodiani. Thompson akashika kodiani. Lamble akaacha dramu zake, akapiga viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na ukitega sikio utasikia kitu kikiporomoka. Waliliacha kosa hilo humohumo. Wimbo ukapanda hadi namba 21 kwenye chati ya Uingereza, na katika nyimbo zao zote zilizotolewa kama singo, yaani zilizouzwa peke yake nje ya albamu, ni huo tu uliofika kwenye chati hiyo. Kuna kitu cha kujifunza katika furaha ile ya viti. Bendi yenye uzito wa "A Sailor's Life" inahitaji mahali pa kucheka, na hapa kicheko kimekaa kwenye wimbo wa kuachana.

"Autopsy" ni wa Sandy. Hesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu rudi mwanzo. Ubeti unakwenda kwa tano, na katikati hesabu inabadilika, mwendo unalegea, kisha unarejea. Wapigaji wengi wakipewa tano huzipiga ili msikilizaji ajue ni tano. Lamble anazipitisha kama maji ya mfereji, hata mtu asiyehesabu haoni ajabu yoyote. Mpigie mpiga dramu wenu wimbo huu bila kumwambia neno, umtazame usoni.

Na sasa "A Sailor's Life". Hapa nitakaa.

Ni wimbo wa kale wa Kiingereza, hauna mtunzi anayejulikana. Msichana anamwomba baba yake amjengee mashua akamtafute mpenzi wake baharini. Anakutana na meli, anamuulizia kijana wake, nahodha anamjibu kuwa amezama. Msichana anaiendesha mashua yake mwambani. Sandy alikuwa akiuimba tangu siku zake za vilabu vya nyimbo za jadi, akiwa na gita lake tu. Akawa anauimba chumba cha nyuma kabla ya maonyesho, wenzake wakaanza kuufuata kwa vyombo, mpaka ukapanda jukwaani pamoja nao. Studioni walimwalika Dave Swarbrick, mpiga fidla aliyekwisha kujijengea jina katika muziki wa jadi, ambaye hakuwa mwanabendi wakati huo. Wakaupiga mara moja, mwanzo hadi mwisho, na hiyo mara moja ndiyo unayoisikia. Dakika zaidi ya 11.

Sisi watu wa pwani fidla si chombo kigeni kwetu. Taarabu ya Unguja imetuzoesha kuisikia ikimfuata mwimbaji neno kwa neno, ikimjibu na kumpamba. Hapa Swarbrick hampambi mtu. Sandy anapofika mwisho wa kisa, karibu nusu ya wimbo, anaondoka kabisa, na fidla na gita la Thompson vinabaki vikifukuzana juu ya sauti moja nzito inayoshikiliwa chini. Hakuna kiitikio cha kurudi, wala kipande cha katikati cha kupumzikia. Mashua imeshavunjika, na sasa unasikia bahari peke yake.

Rudi sasa usikilize chini ya vyote hivyo. Mwanzoni Lamble hashiki mapigo yoyote ya roki. Anayagusa matoazi yakivuma kwa mbali, ngoma anazipiga kwa wepesi, zinapanda na kushuka kama maji yanavyojaa na kupwa. Sandy anaimba bila kufungwa na mwendo, na Lamble hamfungi. Kisha, polepole sana, mwendo unazaliwa. Jaribu kutafuta sekunde ambapo unaanza. Nimejaribu miaka mingi na kila mara naikuta mahali pengine. Wanapofika kule mwisho wanakimbia, na yeye ndiye aliyewafikisha, lakini hakuna popote alipojitokeza mbele kusema nitazameni. Kijana wa miaka 19.

Kama wewe unasikiliza kwenye simu, fanya hivi: wimbo wa nne ukiisha, zima. Nenda kachote maji, rudi baada ya dakika mbili. Albamu hii ilitengenezwa kwa sahani ya santuri yenye pande mbili, na "A Sailor's Life" ni mwisho wa upande wa kwanza. Msikilizaji wa 1969 alilazimika kuinuka kuigeuza sahani. Kimya kile ni sehemu ya albamu, na simu yako inakunyima. Nadhani nusu ya mkanganyiko wako umetoka hapo, maana baada ya bahari ile simu inakurushia "Cajun Woman" papo hapo. Huo ndio wimbo dhaifu kuliko wote, nikuambie wazi. Unachangamsha, fidla yake nzuri, lakini haunipeleki popote. Kazi yake ni kufungua mlango wa upande wa pili.

Nyuma ya mlango huo kuna wimbo wako. Sandy aliutunga akiwa msichana wa miaka ishirini hivi, na aliwahi kuurekodi mwaka 1967 akiwa na bendi ya Strawbs. Mmarekani Judy Collins aliuimba mwaka 1968, hata albamu yake nzima akaipa jina la wimbo huo. Kwa hiyo ulikuwa tayari umeshasafiri kabla ya Fairport kuushika. Walichofanya wao ni kuupunguzia. Thompson anatia maneno mafupi ya gita kati ya mistari, kama mtu anayeitikia "naam" bila kukatiza. Lamble anapiga kwa upole kiasi kwamba wengi wakiulizwa watasema wimbo huu hauna dramu. Unazo. Ziondoe kichwani mwako uone sauti ya Sandy inavyokosa pa kukanyaga.

Wimbo wa saba, "Percy's Song", siwezi kuusikiliza kama wimbo wa kawaida, na nitakueleza sababu. Dylan aliutunga mwaka 1963. Unasimulia ajali ya gari iliyoua watu wanne, na dereva, rafiki wa msimulizi, kahukumiwa miaka 99. Fairport waliuimba vizuri mno, sauti zikiungana kwenye kiitikio kama waumini. Wakamaliza kurekodi. Tarehe 12 Mei 1969, wakirudi usiku kutoka kwenye onyesho katika klabu ya Mothers mjini Birmingham, gari lao liliacha njia kwenye barabara kuu ya M1. Martin Lamble alifariki, pamoja na Jeannie Franklyn, mbunifu wa mavazi kutoka Marekani aliyekuwa mpenzi wa Richard Thompson. Wengine waliokuwa ndani waliumia. Sandy hakuwa ndani ya gari hilo. Albamu ilitoka Julai, mpiga dramu wake akiwa kaburini, na wimbo wa ajali ukiwa humo ndani tangu kabla.

Baada yake kuna "Million Dollar Bash", ule wa karamu. Nao ni wa Dylan, kati ya zile nyimbo alizorekodi na The Band mwaka 1967, ambazo nakala zake zilisambazwa kwa wachapishaji kabla umma haujazisikia. Wanapokezana beti, kila mmoja na sauti yake, hata wasio waimbaji. Zamani niliona ni mzaha uliobandikwa mwishoni. Siku hizi nafurahi kwamba kitu cha mwisho kilichobaki kwenye sahani ni marafiki wanaocheka pamoja.

Neno dogo kuhusu jalada, kwa sababu nalo linasema jambo. Mbele wamesimama wazee wawili, baba na mama yake Sandy, nje ya nyumba yao Wimbledon, na bendi inaonekana kwa mbali bustanini nyuma ya uzio. Hakuna jina la bendi wala la albamu. Toleo la Marekani halikuichukua picha hiyo, likawekewa tembo wa sarakasi. Jina lenyewe, Unhalfbricking, ni neno alilolizua Sandy katika mchezo wa kuunda maneno waliokuwa wakiucheza njiani. Halina maana. Mwenye studio wenu asingelipenda.

Naam, turudi kwake. Usimchukie, ana hoja. Anayeuza muziki hutaka kujua aupange rafu ipi. Lakini tazama kilichowapata Fairport walipochagua mtindo mmoja. Baada ya ajali hawakutaka kurudia nyimbo walizozipiga na Lamble. Wakapanga nyumba mashambani, huko Farley Chamberlayne katika jimbo la Hampshire, wakamchukua mpiga dramu mpya, Dave Mattacks, wakamfanya Swarbrick mwanabendi kamili, na Hutchings akaenda kuchimba nyimbo za kale kwenye maktaba ya Cecil Sharp House. Matokeo yake ni Liege & Lief, ya Desemba 1969. Ni albamu kubwa. Mwaka 2006 wasikilizaji wa redio ya BBC waliichagua kuwa albamu ya jadi yenye athari kubwa kuliko zote, na sibishani nao. Mtindo ni mmoja, na umeshikwa barabara.

Hata kabla haijatoka madukani, bendi ilikuwa imeshapasuka. Hutchings alitaka jadi zaidi, akaondoka na kuanzisha bendi ya Steeleye Span. Sandy alitaka kuimba tungo zake mwenyewe, akaondoka na kuunda bendi ya Fotheringay. Uamuzi wa kuwa kitu kimoja ulimwonyesha kila mmoja kwamba yeye ni kitu kingine. Kwenye Unhalfbricking watu haohao wawili walikuwa na nafasi, mmoja na bahari yake, mwingine na ndege wake, katika sahani moja.

Kwa hiyo mkiulizwa mtindo wenu, msitafute jina la mtindo. Tafuteni kisichobadilika mnapobadilika. Kwa hawa ni viwili: koo la Sandy, na namna Lamble anavyomsikiliza kila aliye chumbani. Wimbo ukiwa wa Louisiana, ukiwa wa mabaharia, ukiwa wa tano tano, vyote viwili vipo. Nyinyi chukueni nyimbo zenu nane mnazoziamini, zile zisizofanana kabisa, mzirekodi hata kwa simu katika chumba kimoja, siku moja, vyombo vilevile, bila kumwongeza mgeni. Kisha sikilizeni kwa mpangilio tofauti tofauti. Kama kuna kinachoziunganisha, kitasikika hata kwenye simu, na mpelekeeni mwenye studio hicho. Kama hakuna, yeye amesema kweli na mna kazi ya kufanya kabla ya kulipa saa za studio.

Mkisharekodi, niletee. Nitaanza kwa kumsikiliza mpiga dramu wenu.